Soma Rangi ya Jani Kabla ya Kufungua Gunia la Mbolea

Hotuba kwa wafugaji wa ng'ombe wa maziwa kuhusu matumizi ya mbolea ya nitrojeni katika mashamba ya nyasi za lishe. Inachapishwa hapa kamili ili isomwe pia na wakazi ambao hawakuweza kufika.

 

Mbele ya mkutano huu kuna shamba la nepia. Anayepita barabarani huliona lote ni kijani, akaendelea na safari yake. Lakini anayeingia kati ya mistari na kushika jani moja moja huona tofauti. Upande ule ulio karibu na zizi, ambako maji ya samadi hushuka, majani ni kijani kilichokolea. Upande wa juu, majani yamefifia na yale ya chini yameanza kugeuka manjano. Shamba ni moja, mwenyewe ni mmoja, na mbolea aliyonunua ni ya gunia moja. Hata hivyo, nyasi zinasema mambo mawili tofauti. Mazungumzo ya leo yanahusu jinsi ya kuzisikiliza.

Kwanza, hali ilivyo. Wafugaji wengi wa kaunti hii wamegawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza halitii mbolea kwenye nyasi hata punje. Mbolea ni ya mahindi, nyasi zitajiotea zenyewe. Kila baada ya wiki sita au nane panga linapita, nyasi zinabebwa hadi zizini, na kila mzigo unaotoka unaondoka na rutuba ya udongo. Baada ya misimu michache mashina yanakuwa membamba na mfugaji anaanza kutafuta nyasi kando ya barabara. Kundi la pili hutia mbolea kwa mazoea. Kila wakikata, gunia moja la CAN kwa ekari, iwe mvua imenyesha au haijanyesha, iwe nyasi zina njaa au zimeshiba.

Makundi yote mawili yanapoteza pesa. Mwaka 2023 Serikali ya Kitaifa ilishusha bei ya gunia la kilo 50 la mbolea ya ruzuku kutoka shilingi 3,500 hadi shilingi 2,500. Tuchukue bei hiyo kwa hesabu. Mfugaji anayekata nepia mara sita kwa mwaka, na kutia gunia moja kila anapokata, anatumia shilingi 15,000 kwa ekari moja. Ikiwa mara mbili kati ya hizo sita nyasi hazikuhitaji mbolea, basi shilingi 5,000 zimemwagwa chini. Hiyo ni pesa ya kuleta mtoa huduma ya uhimilishaji, au ya madini ya ng'ombe, au sehemu ya karo.

Kwa upande mwingine, asiyetia kitu analipa kupitia mtungi wa maziwa. Protini hujengwa kwa nitrojeni. Maabara ikitaka kujua kiasi cha protini ghafi katika nyasi, hupima nitrojeni kisha huzidisha kwa 6.25. Nyasi zikikosa nitrojeni, protini hupungua. Ikishuka chini ya asilimia 7 hivi, vijidudu vilivyo tumboni mwa ng'ombe, ambavyo ndivyo humeng'enya nyasi, hukosa chakula chao na kazi yao hulegea. Hapo ng'ombe hushiba tumbo lakini maziwa hayaji. Wengi wamewahi kuona ng'ombe aliyejazwa nepia asubuhi na jioni, na bado akatoa lita chache. Mara nyingine kasoro haiko kwa ng'ombe.

Sasa, jani linaingiaje? Ule ukijani wa jani unatokana na kitu kinachoitwa klorofili. Hicho ndicho hunasa mwanga wa jua ili mmea ujitengenezee chakula. Kila chembe ya klorofili ina atomu nne za nitrojeni zilizozunguka atomu moja ya magnesiamu. Nitrojeni ikipungua, klorofili hupungua, na jani hufifia. Ikiongezwa, jani hurudi kukolea. Kwa hiyo rangi ya jani ni kama ukope wa mgonjwa unaofunuliwa na daktari kuangalia kama damu imepungua. Haimwambii kila kitu, lakini humwambia aanzie wapi.

Tatizo ni kwamba jicho la binadamu hudanganyika. Jua kali la saa saba mchana hufanya jani lionekane jeupe. Mawingu hulifanya lionekane limekolea. Tena, aina za nyasi hazifanani. Kuna nepia ambazo kwa maumbile yake ni za kijani hafifu kuliko nyingine hata zikilishwa vizuri. Brachiaria ina rangi yake, na boma rodesi ina yake. Mtu akilinganisha shamba lake na la jirani aliyepanda aina nyingine, atapotea.

Dawa ya tatizo hili ni rahisi, na haihitaji mashine. Inaitwa ukanda wa mfano. Mfugaji akishakata nyasi, achague sehemu ndogo katikati ya shamba, hatua tano kwa nne, yaani karibu mita za mraba 20. Asiiweke karibu na zizi, wala chini ya mti, wala mahali maji yanapotuama. Aiwekee mambo manne ya mipaka. Kipande hicho akipe mbolea ya kushiba: nusu kilo ya CAN, ambayo ni kama mara mbili ya kiwango cha gunia moja kwa ekari. Shamba lililobaki alipe nusu gunia tu kwa ekari. Gunia lililobaki nusu lifungwe vizuri na kuwekwa mahali pakavu.

Baada ya wiki mbili hadi tatu, nyasi zikiwa zimechipua na kufungua majani, arudi. Nyasi za ukanda wa mfano zimekula hadi zikashiba. Hizo ndizo kipimo chake, kwa aina ile ile ya nyasi, kwa udongo ule ule, kwa mvua ile ile. Alinganishe. Ikiwa majani ya shamba yamekolea sawa na ya ukanda, hakuna haja ya kuongeza. Ile nusu gunia isubiri mkato unaofuata. Ikiwa majani ya shamba yamefifia kuliko ya ukanda, na udongo una unyevu, aongeze nusu iliyobaki. Ikiwa sehemu moja tu ndiyo iliyofifia, mbolea iende huko tu.

Namna ya kusoma jani ina masharti yake, na anayeyapuuza atapata jibu la uongo. Sharti la kwanza ni kuchagua jani linalofaa: lile changa zaidi ambalo limekwisha kufunguka lote. Lisiwe lile la juu kabisa ambalo bado limejikunja, wala lile la chini lililozeeka. La pili, aangalie katikati ya jani, nusu ya njia kutoka shinani hadi nchani, pembeni mwa ule mshipa mkubwa wa katikati. La tatu, afanye kazi hii asubuhi, umande ukishakauka, na alipe jani kivuli kwa mwili wake. La nne, asiangalie jani moja akakata shauri. Achukue angalau majani kumi, akitembea shamba zima kwa kupindapinda. Na la tano, mtu yule yule aliyeangalia mara ya kwanza ndiye aangalie mara ya pili, maana macho ya watu wawili hayalingani.

Wapo watakaouliza kuhusu kadi za rangi. Ni kweli, zipo. Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mpunga, iliyoko Ufilipino, ilisaidia kusambaza kadi ya plastiki yenye vipande vya kijani, kutoka kijani cha manjano hadi kijani kilichokolea. Mkulima wa mpunga huweka jani juu ya kadi na kutafuta kipande kinachofanana nalo. Kadi hiyo inaweza kumsaidia mfugaji pia, kwa tahadhari moja: namba zake ziliwekwa kwa ajili ya mpunga. Asiseme, "Kwa mpunga ni namba tatu, basi na nepia ni tatu." Aisome kwenye ukanda wa mfano, aandike namba, kisha aisome kwenye shamba na kulinganisha.

Vipo pia vipimo vya mkononi. Kinachojulikana zaidi ni SPAD, kilichotengenezwa na kampuni ya Minolta ya Japani. Kinabana jani kama kibanio cha nguo na kupitisha mianga miwili, mmoja mwekundu na mwingine usioonekana kwa macho. Klorofili humeza ule mwekundu na kuuacha ule mwingine upite. Kwa kulinganisha mianga iliyopita, kipimo hutoa namba. Hakiharibu jani, na jibu huja papo hapo.

Namba hiyo nayo haifai kitu ikisimama peke yake. Inafaa ikigawanywa kwa namba ya ukanda wa mfano. Chukulia wastani wa majani ya ukanda ni 44. Shamba likisoma 38, mfugaji agawanye 38 kwa 44, apate asilimia 86. Nyasi zina njaa. Shamba likisoma 43, ni karibu asilimia 98. Nyasi zimeshiba. Mpaka unaotumiwa sana na wataalamu, hasa kwa mahindi ambako njia hii ilianza kuzoeleka, ni asilimia 95. Chini ya hapo, ongeza. Hapo au zaidi, funga gunia. Kipimo cha namna hii si cha kununuliwa na mtu mwenye ng'ombe wawili. Ni kitu cha kikundi au cha chama cha ushirika, kikizungushwa kwa wanachama kama zinavyozungushwa mashine za kukatia nyasi. Asiyekuwa nacho asikate tamaa. Ukanda wa mfano na macho mazuri ya asubuhi vinatosha kuanzia.

Hapa panahitaji onyo. Si kila manjano ni njaa ya nitrojeni. Nitrojeni ikipungua, mmea huinyang'anya kutoka majani ya zamani na kuipeleka kwa machanga. Ndiyo sababu manjano huanzia chini, mara nyingi kuanzia nchani mwa jani na kushuka katikati. Ikiwa majani ya chini ni mazima na yale machanga ya juu ndiyo ya manjano, huenda udongo umepungukiwa na salfa au madini mengine. Ikiwa shamba limetuamisha maji, mizizi imekosa hewa, na mbolea itakayotiwa haitanywewa. Ikiwa ni kiangazi na majani yamejikunja, nyasi zinalilia maji.

Upo pia ugonjwa wa kudumaa kwa nepia, ambao ulianza kuwasumbua wafugaji wa magharibi mwa Kenya katika miaka ya 1990. Shina lenye ugonjwa huu huchipua majani madogo madogo ya manjano, vifundo hukaribiana, na baada ya mikato michache hufa. Huenezwa na wadudu warukao kutoka jani hadi jani, na pia na mfugaji mwenyewe anapopanda vipandikizi vilivyoambukizwa. Mbolea haiutibu. Shina hilo ling'olewe na mizizi yake, na vipandikizi vipya vitoke kwenye shamba safi. Anayemwaga CAN kwenye shina lililodumaa anamlisha maiti.

Sasa jambo la uzito zaidi, ambalo linahusu uhai wa ng'ombe. Kijani cha jani kina kilele. Nitrojeni ikiongezwa, kijani huongezeka hadi kufika mahali kikasimama. Kuanzia hapo, hata gunia la tatu likimwagwa, jani halitakolea zaidi. Lakini mizizi haiachi kunywa. Nitrojeni inayozidi hukaa ndani ya mmea ikiwa nitreti, na hujikusanya zaidi kwenye sehemu za chini za shina. Kwa hiyo rangi ya jani humwambia mfugaji nitrojeni ikiwa pungufu. Ikiwa imezidi, haimwambii. Jani lililoshiba na jani lililobeba sumu yanaweza kufanana kabisa. Ndiyo maana mfugaji akiona shamba limefikia rangi ya ukanda wa mfano, asitie zaidi.

Ng'ombe akila nyasi zenye nitreti nyingi, vijidudu vya tumboni huigeuza kuwa nitriti, nayo huingia kwenye damu na kuizuia kubeba hewa. Dalili zake ni kuhema kwa haraka, kuyumba, kutetemeka, na ufizi kubadilika kuwa wa samawati au wa kahawia. Damu yenyewe huwa na rangi ya chokoleti. Ng'ombe anaweza kufa ndani ya saa chache, na aliye na mimba anaweza kuitupa. Anayeona dalili hizi aondoe nyasi mara moja, amwache ng'ombe atulie bila kukimbizwa, na aite daktari wa mifugo bila kuchelewa. Tiba ipo, lakini haisubiri kesho.

Hatari huwa kubwa pale ambapo mbolea nyingi imetiwa, kisha ukame ukaingia, kisha mvua ikanyesha ghafla. Nyasi hunywa nitrojeni kwa pupa kabla ya kukua. Mfugaji aliyekaukiwa na lishe huona majani yamerudi, akakimbilia kukata. Hapo ndipo maafa hutokea. Azipe nyasi muda. Baada ya mbolea, zikae angalau wiki tatu hadi nne, na mvua ikirudi baada ya ukame, asubiri wiki moja au zaidi ya ukuaji mzuri. Akilazimika kukata, akate juu kidogo na kuacha sehemu ya chini ya shina, achanganye na lishe nyingine kama mabua makavu, na asimpe ng'ombe mwenye njaa kali ajaze tumbo kwa mara moja. Kukausha nyasi hakuondoi nitreti. Kuzisindika kuwa sileji huipunguza, ingawa haiimalizi. Na nyasi za ule ukanda wa mfano, kwa sababu zilitiwa nyingi makusudi, zichanganywe na mzigo mkubwa wa nyasi nyingine. Zisilishwe peke yake.

Nitreti isiyonywewa na nyasi nayo ina safari yake. Mvua huishusha hadi kwenye visima na chemchemi ambako wananchi wanachota maji. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 za nitreti kwa lita moja ya maji ya kunywa, hasa kwa ajili ya watoto wachanga wanaonyweshwa maziwa ya chupa. Mwenye shamba mteremkoni juu ya chemchemi ana wajibu kwa watoto wa watu wengine.

Jani likishasema lina njaa, mfugaji ana njia zaidi ya moja ya kulilisha. Gunia la kilo 50 la CAN yenye asilimia 26 lina kilo 13 za nitrojeni. Gunia kama hilo la yurea, yenye asilimia 46, lina kilo 23. Kwa bei ile ile ya shilingi 2,500, kilo moja ya nitrojeni ni kama shilingi 192 kwenye CAN na shilingi 109 kwenye yurea. Yurea ni nafuu, lakini ikiachwa juu ya udongo wenye joto bila mvua, sehemu yake hupaa hewani na mwenye pesa hubaki akinusa tu. Anayeitumia aifukie kidogo, au aitie mvua ikikaribia. Na kwa kuwa ina nguvu, kiwango kipunguzwe: badala ya nusu gunia la CAN kwa ekari, kilo 14 hivi za yurea zinatosha.

Kabla ya dukani, kuna zizini. Mkojo wa ng'ombe umejaa nitrojeni, lakini kwenye mazizi mengi huachwa ukanywewa na ardhi au ukakaushwa na jua. Sakafu yenye mteremko, shimo dogo la kuukusanya pamoja na samadi, na paa au majani ya ndizi juu ya lundo hufanya kazi ya magunia kadhaa. Mwenye biogesi ana tope lake. Wengine hupanda desmodiamu kati ya mistari, mmea wa jamii ya kunde unaovuta nitrojeni kutoka hewani kwa msaada wa bakteria za mizizini, na ng'ombe huila kwa hamu. Wenye njia hizi wanapaswa kusoma jani kwa makini zaidi, maana nyasi zao huenda zimeshiba kabla gunia halijafunguliwa.

Mwisho, jambo la kutafakari. Nyasi hizi ni za kwetu. Nepia asili yake ni Afrika. Brachiaria nayo ni ya Afrika, ikasafiri hadi Amerika Kusini, ikaboreshwa, ikarudishwa kwa wafugaji wa Kenya. Katika miaka ya 1960 watafiti walikusanya mbegu za nyasi ya gini Afrika Mashariki. Leo mashamba makubwa ya Brazili yanalisha ng'ombe kwa aina zinazoitwa Tanzania na Mombaça, na huko watafiti wamepima kijani cha majani yake kwa miaka mingi ili kujua lini pa kutia nitrojeni. Si haki nyasi za huku zisomwe vizuri ng'ambo kuliko zinavyosomwa na wenyewe.

Kwa hiyo kila mfugaji anayeondoka hapa na abebe kazi moja. Mkato ujao, apime hatua tano kwa nne, aweke mambo manne, atie nusu kilo. Baada ya wiki mbili au tatu aamke asubuhi, aingie na daftari, aangalie majani kumi huku na majani kumi kule, aandike alichoona. Akikwama, afisa wa kilimo wa wadi yuko kwa kazi hiyo, na daftari lile litamrahisishia kutoa ushauri. Mambo hugharimu dakika tano. Gunia, kwa bei ya ruzuku ya mwaka 2023, lilikuwa shilingi 2,500. Ng'ombe wa maziwa, kila mwenye ng'ombe anajua thamani yake.